Daraja D

Fomu inauliza: Elimu ya ukocha.
Nikaandika kwa penseli: miaka ishirini na sita.
Bi Mkasi wa ofisini akaifuta kwa raba.
"Huo ni uzee, Shaame, si elimu. Acha wazi."
Nikaacha wazi.
Uwazi ule ulinitazama tangu Wete mpaka Gombani.

Sikutaka kuja, niseme kweli.
Kanuni mpya: asiye cheti hakai benchi.
Msimu uliopita nilisimama nyuma ya kamba
pamoja na muuza ubuyu na watoto wa chuoni,
nikimpigia kelele Mcha abane kushoto,
Mcha hasikii,
na mahali pangu amekaa kijana wa kukodi
mwenye leseni, asiyejua hata jina la kipa.
Tulifungwa tatu. Nilicheka,
kisha usiku sikula.

Basi nimo kwenye dawati la skuli,
magoti yamegoma kuingia chini ya ubao,
na mkufunzi ni Mjaka.
Mjaka huyu! Mie ndiye niliyemwambia
mguu wa kushoto nao ni wako, usiuogope.
Leo ananiita "mshiriki."

Siku ya kwanza: koni ishirini na nne, mipira kumi na minane.
Nikanyoosha mkono: sie Kangagani tunayo miwili,
mmoja umeshonwa. Koni zetu ni vifuu.
Darasa likaangua kicheko. Mjaka hakucheka.
"Chora kwa vifuu, mwalimu," akasema,
na neno likiisha kumtoka.

Siku ya pili nikaambiwa
wakimbize mpaka watapike
ina jina, na jina lake ni kosa.
Nikabisha: wangu wamo juu ya mikarafuu tangu alfajiri,
pumzi wanazo.
"Ndiyo maana wamechoka," akasema,
"kabla hujapuliza kipenga."
Nikaandika. Kalamu ilikwenda kwa kinyongo.

Siku ya tatu, mada: kichwa.
Mchezaji akigongwa, akiuliza yasiyoulizwa,
akitapika, mwanga ukimuumiza,
mtoe. Usimrudishe leo. Kesho pia usimrudishe.
Hata ikiwa fainali.
Hata akikuapia.

Nikaweka kalamu chini.

Faki. Beki wangu wa kati, miaka kumi na saba.
Aligonga mlingoti wa goli, akaanguka, akainuka,
akaniuliza, "Kocha, tushaanza?"
Dakika ya sabini.
Tulicheka sote. Nikammwagia ndoo ya maji,
nikamsomea Kulhuwallahu tatu,
nikampiga kofi la mgongo: rudi, mwanamme.
Alirudi. Tulishinda.
Nilibebwa mabegani mpaka msikitini.

Siku hizi Faki hukaa ndani kwa mamaake,
pazia limeshushwa, adhuhuri humtoa machozi.
Watu walisema ni hasadi, wametumiwa watu.
Na mie nilisema.
Nilisema miaka kumi na moja.

Wanaosema cheti ni karatasi tu, hawakukosea.
Karatasi haikunifundisha kumtambua mtoto
aliyekuja mazoezini hajala,
wala namna ya kumbembeleza babaake
amwachie jioni mbili kwa wiki.
Hayo nilikwenda nayo, nikarudi nayo.
Lakini ukurasa wa thelathini na moja, mistari minne,
lau ningekuwa nao mfukoni siku ile
ningeusoma kwa sauti
hata uwanja mzima ungenizomea.

Mtihani: Taja dalili tano.
Wenzangu walitazama dari, wakikumbuka.
Mie nilimtazama Faki, nikanakili.

Cheti kimefika ndani ya bahasha,
jina limekosewa: Shamte.
Sijakitia fremu.
Nilikipeleka kwa Faki, nikakiweka pajani pake.
Alikisoma kwa jicho moja, karibu na pua.
"D," akasema. "D si ndiyo ya mwisho?"
Ya mwisho, nikamwambia.
Akakigeuza nyuma. Nyuma pako wazi.
"Mechi lini?"
Jumaapili, saa kumi.
"Jua litakuwa bado kali."
Litakuwa.
Akakaa kimya, akikikunja cheti na kukikunjua.
"Basi niwekee kiti," akasema,
"upande wa kivuli."